Sindano ya Kupunguza Uzito na Donge la Damu

  Wasikilizaji wa Meru na Embu, leo tunazungumzia sindano za kupunguza uzito, na swali ambalo akina mama wengi wanalitumiana kwenye simu: je, sindano hizi zinagandisha damu?

Nitalijibu mapema, ili hata anayekaribia kushuka kwenye matatu asiondoke mikono mitupu. Mpaka sasa hakuna ushahidi thabiti kwamba dawa hii yenyewe hugandisha damu. Lakini mtu anayejidunga bila kupimwa, bila kuulizwa historia ya afya yake, na bila mtu wa kumfuatilia anapoanza kutapika, anaweza kujiingiza katika hali ambayo damu huganda kwa urahisi. Tafadhali shikeni maneno hayo mawili pamoja, kwa sababu wanaoitetea dawa hushika la kwanza tu, na wanaoiogopa hushika la pili tu.

Tuanze na dawa yenyewe. Majina mliyoyasikia ni Ozempic na Wegovy, ambayo yote mawili ni dawa moja iitwayo semaglutidi. Mengine ni Mounjaro, yaani tizepatidi, na Saxenda, yaani liraglutidi. Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili. Wegovy, yenye dozi kubwa zaidi, ikaidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya unene. Dawa hizi huiga homoni ambayo utumbo wetu huitoa baada ya kula. Homoni hiyo huuambia ubongo kwamba tumeshiba, na hulipunguzia tumbo kasi ya kusukuma chakula. Ndiyo maana mtu hula kidogo na kukaa muda mrefu bila njaa.

Na zinafanya kazi. Katika jaribio kubwa la semaglutidi lililochapishwa mwaka 2021, likiwa na watu 1,961, waliodungwa dawa walipoteza karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Waliopewa sindano isiyo na dawa walipoteza asilimia 2 na ushei. Mama wa kilo 100 anayeshuka hadi kilo 85 hupumua vizuri zaidi, magoti humpa nafuu, na presha na sukari huanza kutii. Simlaumu hata mmoja anayeitamani nafuu hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49, wanawake 45 wana uzito uliozidi au wamenenepa kupita kiasi. Hilo ni jambo la afya ya umma, na dharau dhidi ya watu wanene haijawahi kumpunguzia mtu hata kilo moja.

Sasa tuelewe damu huganda vipi. Kuganda ni zawadi. Ukijikata na panga ukivuna miraa, ni kuganda kwa damu kunakookoa maisha yako. Tatizo huja damu inapoganda ndani ya mshipa usio na jeraha. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza mambo ambayo madaktari bado wanayafundisha hadi leo: damu huganda mshipani inapopita polepole, inapokuwa nzito, au ukuta wa mshipa unapoumia. Wakulima wa Imenti mnaomwagilia kwa mifereji mnalijua hili vizuri. Maji yakipungua kasi, tope hutulia, na mfereji huziba.

Donge hilo mara nyingi huanzia kwenye vena za ndani za mguu, hasa shavu la mguu au paja. Likibaki hapo, mguu huvimba na kuuma. Likikatika, husafiri na damu hadi kwenye moyo, likapita, likakwama kwenye mishipa ya mapafu. Hapo mtu hukosa pumzi ghafla, na anaweza kufa kabla ya kufika hospitalini. Kuna donge la aina nyingine linaloziba ateri za moyo au za ubongo, na hilo ndilo huleta mshtuko wa moyo na kiharusi.

Sasa tulete mambo mawili haya pamoja, dawa na donge. La kwanza ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba unene wenyewe huongeza hatari ya donge la mguuni. Mtu mnene yuko katika hatari inayofikia mara mbili au zaidi ya ile ya mtu wa uzito wa wastani, kwa sababu damu ya miguuni hupanda kwa shida na mwili huwa katika hali ya uvimbe wa ndani muda wote. Kwa hiyo mtu mnene akidungwa, kisha akapata donge, ni vigumu kusema kwa hakika kama chanzo ni dawa au ni uzito aliokuja nao.

Watafiti wamejaribu kulitenganisha jambo hilo. Uchambuzi mmoja wa majaribio ya semaglutidi kwa wagonjwa wa kisukari uliona dalili ya kuongezeka kwa madonge ya mguuni, ijapokuwa waliopata madonge hayo walikuwa wachache. Hapo ndipo hofu ilipopata mguu wa kusimamia, na baadhi ya watu Marekani wakayataja madonge katika madai yao mahakamani. Lakini Disemba 2024, katika mkutano wa wataalamu wa magonjwa ya damu uliofanyika San Diego, uliwasilishwa utafiti mkubwa wa wagonjwa wa kisukari. Waliotumia dawa za kundi hili walipata madonge ya vena kwa asilimia 20 chini kuliko waliotumia dawa nyingine ya kisukari. Na kwa upande wa moyo, jaribio lililochapishwa Novemba 2023, likiwa na watu 17,604 wenye uzito mkubwa na maradhi ya moyo, lilionyesha kwamba semaglutidi ilipunguza vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi kwa asilimia 20. Mizani ya ushahidi, kwa mtu aliyechaguliwa vizuri na kufuatiliwa vizuri, inaelemea upande wa faida.

Lakini hapo hapo, msikilizaji, pana neno lenye uzito: kufuatiliwa. Watu wale wa majaribio walipimwa kabla ya kuanza. Dozi ilipandishwa kwa utaratibu: miligramu 0.25 mara moja kwa wiki kwa wiki nne, kisha 0.5, kisha 1, na kuendelea hivyo kwa miezi. Walipiga simu walipougua na wakapata mtu wa kuwajibu. Je, dada anayenunua kalamu ya dawa kwa mtu wa mtandaoni, ikamfikia Makutano imefungwa ndani ya gazeti, anafuatiliwa na nani?

Tutazame njia ambazo donge linaweza kumpata mtu wa namna hiyo.

Njia ya kwanza ni kukauka maji mwilini. Katika jaribio lile la 2021, watu 44 kati ya 100 walipata kichefuchefu, 31 wakaharisha, na karibu 25 wakatapika. Wengi walipata nafuu baada ya muda. Maelezo rasmi ya dawa yanaonya kwamba kupoteza maji kwa namna hii kunaweza kuumiza figo. Na mwili ukipoteza maji, damu huwa nzito, na damu nzito ni mojawapo ya yale mambo ya Virchow. Mtu anayeruka hatua za dozi ili akonde kabla ya harusi ya mwezi ujao hutapika zaidi, hunywa kidogo, hulala kitandani kutwa nzima, na kila moja ya hayo linalisaidia donge. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, na katika sindano hii pupa ina bei kubwa.

Njia ya pili inawahusu wanawake. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni huongeza hatari ya donge. Mama akiwa mnene na anameza vidonge hivyo, hatari mbili zimekutana. Pia ni lazima ajue kwamba tizepatidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, na kwamba kidonge kinachotapikwa hakikingi chochote. Akipata mimba bila kutarajia, mimba nayo huongeza hatari ya damu kuganda, na dawa hizi hazitakiwi wakati wa ujauzito. Semaglutidi inapaswa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto. Na ewe mama uliyejifungua juzi, unayeona tumbo halirudi na majirani wameanza kusema: wiki sita za kwanza baada ya kujifungua ndizo ambazo damu huganda kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote wa uzazi. Huo si wakati wa sindano. Ni wakati wa kula uji, kunyonyesha, na kuitembeza miguu.

Njia ya tatu ni kukaa kwa muda mrefu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti wake kuhusu wasafiri: safari ya saa nne au zaidi bila kujongea huongeza hatari ya donge la vena takriban mara mbili. Kutoka Maua hadi Nairobi ni safari ya namna hiyo, na dereva wa miraa, karani wa Embu anayekaa ofisini kutwa, na mfanyabiashara anayekaa kwenye kibanda chake Gakoromone kutoka asubuhi hadi jioni, wote wako katika kundi hilo. Kwa aliye kwenye sindano, na hasa aliyetapika usiku, shuka pale gari linaposimama. Tembea. Kunywa maji. Ukiwa umeketi, inua visigino na vidole vya miguu mara kwa mara, maana misuli ya shavu la mguu ndiyo inayoisukuma damu kurudi juu.

Njia ya nne ni jambo letu la nyumbani: miraa ya Meru na muguka wa Mbeere. Nalitaja kwa heshima, kwa sababu zao hili limesomesha watoto wa Igembe na Mbeere, na mwaka 2024 tuliona Mombasa na kaunti nyingine za Pwani zikiupiga marufuku muguka na Embu ikienda mahakamani kuutetea. Biashara ni jambo moja, mwili ni jingine. Ndani ya jani kuna kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini. Inaondoa njaa, inapandisha presha na mapigo ya moyo, na inabana mishipa. Tafiti za Yemen, ambako miraa hutafunwa na wengi, zimeihusisha na mshtuko wa moyo. Mtu anayedungwa dawa ya kuondoa njaa, kisha akatafuna jani linaloondoa njaa, anaweza kumaliza siku nzima na maji kidogo na chakula kidogo, huku moyo ukienda mbio na mishipa ikiwa imebanwa. Mwambie daktari ukweli kwamba unatafuna. Hatakuripoti kwa mtu. Anataka kukupangia matibabu yanayokufaa.

Hapo pia pana somo la historia. Katika miaka ya 1930 amfetamini zilianza kutumiwa Marekani na Ulaya, na baadaye zikaandikiwa watu waliotaka kukonda, mpaka madhara yake yakawashinda. Mwaka 1997 dawa za fenfluramini ziliondolewa sokoni kwa sababu ya kuharibu vali za moyo. Mwaka 2010 ikaondolewa sibutramini, baada ya utafiti wa watu takriban 10,000 wenye maradhi ya moyo au kisukari kuonyesha ongezeko la asilimia 16 la mshtuko wa moyo na kiharusi. Sibutramini haikufa. Wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wanaendelea kuikuta ndani ya chai na kahawa zinazouzwa kama za mitishamba ya kupunguza tumbo. Kwa hiyo anayekwepa sindano kwa kuogopa donge, akakimbilia pakiti ya chai isiyo na jina la kiwanda, huenda amekimbilia dawa ileile iliyothibitika kuumiza moyo.

Hatari ya tano, ingawa si ya donge moja kwa moja, ni dawa bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Nchini Austria, mwaka 2023, watu walilazwa baada ya kujidunga dawa iliyodaiwa kuwa Ozempic, na wakaguzi wakashuku kwamba ndani mlikuwa na insulini. Insulini kwa mtu asiyeihitaji hushusha sukari hadi akapoteza fahamu. Na hata kalamu halisi, kabla ya kuanza kutumiwa, inapaswa kuwekwa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8. Ikisafiri mchana kutwa chini ya kiti cha matatu bila barafu, wewe unayeipokea huwezi kujua imebaki na nguvu gani.

Kwa nini nawaeleza haya leo, wakati wengi wenu mnasema bei ya sindano ni ya watu wa Nairobi? Kwa sababu bei hiyo haitabaki ilipo. Hataza ya semaglutidi nchini India inafikia mwisho mwaka 2026, na India ndiko zinakotoka dawa nyingi tunazonunua kwenye kemisti zetu. Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa za kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu Septemba 2025, kwa wagonjwa wa kisukari wenye hatari kubwa zaidi. Disemba mwaka huohuo likatoa mwongozo wake wa kwanza wa kuzitumia kutibu unene kwa watu wazima, kwa sharti kwamba ziende pamoja na msaada wa kubadilisha ulaji na mazoezi. Zitafika Runyenjes. Zitafika Laare. Kazi yetu ni kuhakikisha zinapofika zinakuta watu wanaojua maswali ya kuuliza.

Haya ndiyo maswali ambayo kemisti au daktari anapaswa kukuuliza kabla ya sindano ya kwanza, na asipokuuliza, mwambie wewe mwenyewe. Je, umewahi kupata donge la damu mguuni au kwenye mapafu, wewe au mzazi au ndugu yako wa damu? Unameza vidonge vya kupanga uzazi? Una mimba, unanyonyesha, au unatafuta mtoto? Umefanyiwa upasuaji au kuugua saratani karibuni? Unatumia wofarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda? Sindano hizi hupunguza kasi ya tumbo, kwa hiyo anayetumia wofarini anahitaji kupimwa damu mara nyingi zaidi anapoanza na anapopandisha dozi. Umewahi kuugua kongosho au mawe ya nyongo? Na una upasuaji uliopangwa? Daktari wa ganzi ni lazima ajue, kwa sababu tumbo linaweza kuwa bado na chakula hata baada ya kufunga.

Sasa dalili, na hapa naomba umwite aliye jikoni aje asikie. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu la mguu au pajani, ukawa wa moto au ukabadilika rangi kuliko mwenzake, nenda hospitalini siku hiyohiyo. Usiukande. Usiupake dawa ya kuchua. Ukikanda, unaweza kulisogeza donge. Na ukikosa pumzi ghafla, kifua kikachoma unapovuta hewa, ukakohoa damu, au ukazimia, hiyo ni dharura ya dakika hiyo. Vivyo hivyo mdomo ukienda upande, mkono ukalegea, au maneno yakakwama, hicho ni kiharusi.

Usingoje gari la asubuhi. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu nawe, iwe ni ya rufaa Meru au Embu, iwe ni Chogoria, Nkubu au Maua. Ukifika mapokezi, sema wazi: niko kwenye sindano ya kupunguza uzito, jina lake ni hili, nilidungwa siku hii. Watu wengi huficha kwa aibu, na daktari anapoteza muda akitafuta kwingine. Donge la mguuni huonekana kwa picha ya altrasaundi, na likigunduliwa mapema lina matibabu: sindano za heparini, kisha vidonge kwa miezi mitatu au zaidi. Watu wengi hupona na kurudi shambani.

Kwa wenye kemisti wetu wa Meru na Embu: dawa hii inahitaji cheti cha daktari. Kumwuzia mtu dozi ya mwisho kabla ya ya kwanza ni kumtuma nyumbani na ugonjwa. Kwa wauguzi na matabibu: mkiona mgonjwa aliyedungwa akaja na mguu uliovimba au pumzi fupi, jazeni fomu ya manjano ya Bodi ya Dawa na Sumu. Wananchi pia mnaweza kuripoti kwa bodi hiyo mtandaoni. Tafiti nilizozitaja zinatoka nchi za mbali, na njia ya pekee ya kujua dawa hii inaifanyia nini miili ya watu wetu ni kuandika kila kisa kinachotokea hapa kwetu. Na kwa serikali zetu za kaunti, kliniki za kisukari na presha zilizopo tayari ndizo mahali pa kuwapokea watu hawa, ili asiye na fedha za kwenda Nairobi asibaki mikononi mwa wauzaji wa mtandaoni.

Wasikilizaji wangu, unene ni maradhi, na mwenye maradhi anastahili dawa. Lakini dawa hii haiishii kwenye kalamu. Sehemu yake nyingine ni kupimwa kabla, kupandishwa dozi polepole, kunywa maji, kutembea, na kuwa na namba ya simu ya mtu mwenye ujuzi ambaye atapokea utakapopiga saa nne usiku. Ukiuziwa kalamu bila hayo, umeuziwa nusu ya dawa kwa bei ya dawa nzima. Dai nusu iliyobaki, na usijidunge mpaka umeipata.